Amana ya Barua katika Bonde la Ngerengere

Mto Ngerengere huanza katika milima ya Uluguru, hupita ubavuni mwa mji wa Morogoro, kisha hugeuka kuelekea mashariki mpaka ukaungana na Mto Ruvu. Jina lake limepewa kituo cha reli kilicho mashariki ya Morogoro, na kituo hicho kimekuwa mji mdogo. Mgeni huuona mji huo kuwa ni mahali pa kupita tu; na kwa hakika kupitisha ndiyo kazi kubwa ambayo bonde hilo limeifanya kwa muda wa karne moja na nusu. Misafara ya pwani ilipita hapo, waya wa simu ulipita, reli ilipita mara mbili, na siku hizi mawimbi ya simu za mkononi hupita juu ya vichwa vya watu bila ya kuonekana. Katika kila kilichopita barua zilikuwamo.

Tazama mathalani karani anayekaa Ngerengere leo. Simu yake ni ya kampuni moja, lakini anwani yake ya barua pepe ni ya chuo kilicho Morogoro au ya kampuni iliyo Marekani. Akiandika barua, kampuni inayomuuzia njia haina habari na jina lake, na seva inayolijua jina lake haina habari na mnara uliomchukua. Barua yake husafiri katika njia ya mmoja kwa dhamana ya mwingine. Jambo hili huonekana dogo kwa sababu sasa hufanyika kimya. Walakini katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita na ya mwanzo wa karne hii lilikuwa mlango uliofungwa usoni pa watu wengi, na sababu ya kufungwa kwake haieleweki vema mpaka itazamwe pamoja na habari za kale za barua zilizopita njia hii. Maana swali lilikuwa lile lile: barua yaaminiwa kwa sababu gani? Kwa njia iliyojia, kwa mtu aliyeileta, au kwa mwandiko uliomo ndani yake?

Mwezi wa Machi 1871, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliondoka Bagamoyo kwenda kumtafuta David Livingstone. Mwezi uliofuata alikuwa katika bonde la mto huu, ambao katika kitabu chake cha 1872 aliuandika Ungerengeri. Upande wa Mikese alikutana na msafara wa Salim bin Rashid uliokuwa ukishuka pwani na shehena kubwa ya pembe za ndovu. Salim alimpa habari aliyoitamani kuliko zote: alikuwa amemwona Livingstone Ujiji, tena amekaa jirani naye kwa majuma mawili. Mzungu huyo, alisema, alionekana mzee, mwenye ndevu za mvi, ametoka katika ugonjwa mkubwa, na alikusudia kwenda Manyema. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini Livingstone alikuwa Ujiji baina ya Machi na Julai 1869. Kwa hiyo ukweli huo ulikuwa umetimiza karibu miaka miwili ulipofika bonde la Ngerengere. Hiyo ndiyo iliyokuwa posta ya bara. Haikuwa na saa wala stempu, na Salim hakutumwa na Livingstone wala na gazeti la New York. Alichukua habari kwa sababu alikuwa akipita.

Barua nazo zilikwenda hivyo. Mfanyabiashara wa Tabora mwenye ndugu au mdai Unguja hakuweza kuandaa msafara wake kwa kila karatasi aliyoiandika. Aliiweka mkononi mwa yule aliyekuwa akishuka, na aliyekuwa akishuka aliipokea kama amana, kwa kuwa siku ya pili yeye naye angehitaji kuchukuliwa yake. Mwenye njia na mwenye barua walikuwa watu mbalimbali, na hapana aliyeona ajabu. Kilichowafunga pamoja ni kujuana.

Hata hivyo amana yaweza kulala njiani, na mfano ulio maarufu kupita yote ni wa safari hiyo hiyo. Ubalozi wa Uingereza huko Unguja ulikuwa umempelekea Livingstone mfuko wa barua, na juu ya mfuko huo iliandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Wachukuzi walivuka mpaka Bagamoyo wakakaa huko kwa siku kama mia moja, wala hawakuondoka mpaka Februari 1871, walipopata habari kuwa John Kirk, mwakilishi wa ubalozi, yu njiani kuja kuwatazama. Stanley aliwakuta Unyanyembe na mfuko haujafika kwa mwenyewe. Ndipo alipomtwaa mmoja wao, aliyeitwa Kaif-Halek, mtu ambaye jina lake ni salamu ya Kiarabu, akaenda naye pamoja na mfuko wake mpaka Ujiji. Livingstone aliupokea mwezi wa Novemba 1871 kwa hesabu ya Stanley, baada ya kusafiri kwa muda wa siku 365 na zaidi. Stanley alimlaumu Kirk kwa maneno makali, na Kirk alikuwa na watetezi wake. Ugomvi huo umekwisha kuandikwa vya kutosha na haufai kuchimbuliwa tena hapa. Jambo lenye faida ni jingine. Barua zilizotumwa na serikali kwa wachukuzi wa serikali zilifika kwa msafara wa gazeti. Zingalisubiri njia yao wenyewe, labda zisingalifika.

Kurudi kwake kulikuwa kugumu zaidi. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliagana na Livingstone akiwa na shajara yake iliyotiwa lakiri na barua zake nyingi. Masika ya mwaka huo yalikuwa makali. Katika kuvuka mto mmoja uliofurika, kijana aitwaye Rajabu aliingia majini na sanduku la karatasi hizo kichwani, akazama karibu ya kumezwa na maji. Stanley alimwelekezea bastola na kumwonya kwamba sanduku likianguka atampiga risasi. Kijana alivuka, na sanduku likavuka. Ni haki kusema kuwa historia imemshukuru Stanley kwa barua hizo kuliko ilivyomshukuru Rajabu. Siku za mwisho za Aprili msafara ulivuka Ngerengere na kufika Simbamwene, mji wenye boma ulioanzishwa na Kisabengo mahali penye Morogoro ya sasa, na kuukuta umeharibika. Mto ulikuwa umeuchukua ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba kama hamsini, na vijiji vya Waluguru mitelemkoni mwa milima vilikuwa vimeangamia. Tarehe 6 Mei sanduku lilikuwa Bagamoyo.

Hapo ndipo ilipozuka taabu ambayo Stanley hakuitazamia. Barua zilipotokea Ulaya watu wengi hawakuzisadiki. Mtafiti wa Kiingereza, aliyesaidiwa na serikali ya Kiingereza na kufuatwa na chama cha jiografia cha London, amewezaje kuleta habari zake kwa mkono wa gazeti la Marekani? Ilinong'onwa, kisha ikachapwa, kuwa Stanley ameghushi. Mwandiko haukuwa na kasoro na maneno hayakuwa na kasoro. Kilichotiliwa shaka ni njia. Kwa kuwa barua hazikuja kwa mlango uliozoeleka, zilionekana kuwa za uongo kabla ya kufunguliwa.

Shaka hiyo haikuondolewa na sifa za mchukuzi, maana wakati ule Stanley hakuwa na sifa kubwa katika London. Iliondolewa kwa ushahidi wa mwandiko. Stanley alikuwa amempa Lord Lyons, balozi wa Uingereza katika Paris, hati za Livingstone tarehe 31 Julai 1872. Siku mbili baadaye Lord Granville, waziri wa mambo ya nchi za nje, aliandika kuwa wizara yake haina shaka nazo, na mwana wa Livingstone naye alithibitisha kuwa shajara na barua ni za baba yake. Mwana aliujua mwandiko wa babaye, na mwandiko haubadiliki kwa kubadilika kwa mchukuzi. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa litarudi baada ya miaka 130 likiwa limevaa mavazi mengine.

Siku hizo bonde la Ngerengere halikuwa na posta, na barua zake za nje zilitokea Unguja. Mji huo ulikuwa na ajabu yake. Tangu 1875 palikuwapo ofisi ya posta ya Uhindi iliyotumia stempu za Uhindi. Mwaka 1889 Wafaransa wakafungua yao. Mwaka 1890 Wajerumani wakafungua yao, wakaifunga mwaka uliofuata. Kwa muda mfupi, mtu aliyesimama katika Mji Mkongwe na bahasha mkononi aliweza kuchagua ni taifa gani limchukulie barua. Utaratibu huo haukuwa fujo, kwa sababu ya mapatano yaliyofanywa mbali. Tarehe 9 Oktoba 1874, katika mji wa Bern, wajumbe wa nchi 22 walitia saini mkataba uliozaa Umoja wa Posta wa Dunia, na aliyeusukuma sana alikuwa Heinrich von Stephan, mkuu wa posta ya Ujerumani. Mkataba huo ulizihesabu nchi zote za umoja kuwa eneo moja la posta, na kila nchi ilikubali kuzipitisha barua za nchi nyingine. Desturi ya msafara, ambayo ilisimama juu ya kujuana, ilifanywa kuwa sheria baina ya watu wasiojuana.

Simu ya waya ilifuata mkondo huo, walakini kwa hatari zaidi. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza iitwayo Eastern and South African Telegraph ililaza waya chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, na kuendelea kusini. Wajerumani walipoishika pwani ya Tanganyika hawakuwa na waya wao katika bahari hii. Mwaka 1890 kampuni ile ile ya Kiingereza ndiyo iliyowaunganishia Bagamoyo na Dar es Salaam na Unguja. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani aliyeketi chini ya milima ya Uluguru na kupeleka habari Berlin alianza katika waya wa serikali yake, kisha habari yake ikapita mikononi mwa makarani wa Waingereza. Ilifika na ililipiwa, kwa kuwa mapatano ya simu yaliyofanywa Paris mwaka 1865 yalikuwa yameweka taratibu za mambo hayo. Miaka 24 haikuonekana ubaya wa kukaa katika nyumba ya mmoja na kutumia mlango wa mwingine.

Ubaya ulionekana katika juma moja. Agosti 1914 vita vilipoanza, Waingereza walizikata nyaya za Wajerumani karibu na Ulaya, na njia ya Unguja ikawa njia ya adui. Mnara wa redio wa Dar es Salaam ulivunjwa mwezi huo huo, manowari za Kiingereza zikiwa mbele ya mji. Serikali ya Kijerumani ilihamia Morogoro, mji wenye reli na waya wa kuzungumza na Kilosa na Tabora, lakini usio na mlango wake wa kuzungumza na dunia. Majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Si kusema kuwa Wajerumani walishindwa kwa ajili ya waya. Lakini mkataba wa kupitisha habari za mwingine hudumu kadiri ya urafiki wa wenye njia, na jambo hilo halikuandikwa Bern wala Paris.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwishoni mwa 1907. Ilifanya barua ya Ngerengere kuwa jambo la siku moja. Chini ya Waingereza posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na tangu 1935 stempu moja ilibeba majina ya nchi zote tatu. Lakini habari iliyo ya maana zaidi kwa shauri hili haimo katika stempu. Imo katika sanduku la posta.

Katika Tanganyika, na baadaye katika Tanzania, tarishi hakuzoea kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Barua hukaa posta katika sanduku lenye namba, na mwenye ufunguo huenda kuichukua. Watu wengi hawakuwa na sanduku. Mwanafunzi aliandikiwa kwa kupitia kwa mwalimu mkuu, muumini kwa kupitia misheni, mfanyakazi wa reli kwa kupitia mkuu wa stesheni. Kando ya reli baina ya Ngerengere na Morogoro yalikuwapo mashamba ya mkonge, na watu waliokuja kufanya kazi humo kutoka mbali waliandikiwa kwa kupitia kwa bwana shamba. Karani alizipanga barua mezani na kuita majina siku ya mshahara au jioni baada ya kazi. Mtu aliyepokea barua kwa njia hiyo alipata faida kubwa bila kulipa senti, naye alikuwa na deni ambalo hakulihesabu. Siku alipoacha kazi anwani yake ilikufa. Mke aliyeandika kutoka kwao, mdogo wake aliyetaka ada ya shule, mtu wa Songea au Kigoma aliyekuwa na habari ya msiba, wote waliendelea kuandika katika sanduku ambalo halikuwa na sababu tena ya kumtafuta. Jina lake lilikuwa limefungwa katika njia ya mwajiri, na njia ilipokatika jina lilikatika nalo. Wenye hekima walifanya shauri wakakodi sanduku moja watu watano au kumi. Hapo mwenye jina alikuwa na njia yake, japo nyembamba.

Barua pepe ilipoingia Tanzania iliurudia mwendo huo wote kwa haraka, kama mwanafunzi anayepitia darasa saba katika miaka miwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwamo katika mpango wa ESANET pamoja na vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Kompyuta zilipigiana simu, zikapeana furushi la barua, zikakata. Na barua ya mtu ililala katika kompyuta ya mwingine kungojea simu ya pili. Huo ulikuwa msafara wa Salim bin Rashid, isipokuwa hakuna pembe za ndovu. Mwaka 1995 jina la .tz liliandikishwa, na kufika 1996 kampuni ya CyberTwiga ilikuwa ikiuza huduma ya intaneti Dar es Salaam, nyingine zikafuata. Kila kampuni ilimpa mteja vitu viwili kwa pamoja: njia ya kuingilia, na anwani ya barua iliyobeba jina la kampuni. Kama bwana shamba, ilitoa kazi na sanduku.

Ili kufahamu taabu iliyotokea, yafaa kujua jinsi barua hizo zinavyokwenda. Kanuni iliyozitawala iliandikwa na Jon Postel mwezi wa Agosti 1982. Kwa kanuni hiyo seva hupokea barua katika mlango wenye namba 25, husoma jina la mpelekewa, na kuipeleka mbele kwa seva nyingine. Haiulizi aliyeileta ni nani. Mtu yeyote aliyeunganishwa popote aliweza kuikabidhi barua kwa seva yoyote, nayo ikaichukua kwa hisani. Kupokea kulikuwa kinyume cha hayo: aliyetaka kulifungua sanduku lake alidaiwa neno la siri. Basi mtandao ulilinda kwa ufunguo barua zilizokwisha kufika, na kuacha wazi mlango wa zinazotoka. Waliouanzisha walikuwa wachache na walijuana, na kati ya watu wanaojuana amana haina haja ya ufunguo.

Dalili ya ubaya ilikuwapo tangu 1978, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya kompyuta ya Marekani alipowatumia watu kama 400 tangazo la bidhaa wasiloliomba. Katikati ya miaka ya 1990 dalili ikawa ugonjwa. Wafanyabiashara wa barua taka waligundua kuwa waweza kuikabidhi seva ya mtu mwingine barua moja na majina elfu, seva ikataabika usiku kucha kuzisambaza, na lawama ikamwangukia mwenye seva. Mwaka 1997 ikaanza kutolewa orodha ya seva zilizokataliwa. Aliyeandikwa humo, awe mkosefu au mzembe tu, barua zake na za wateja wake wote zilirudishwa. Mwaka 1998 programu ya Sendmail, iliyokuwa ikiendesha sehemu kubwa ya seva za barua duniani, ilitolewa ikiwa na desturi mpya: kupitisha barua za wageni ni marufuku mpaka mwenye seva aruhusu mwenyewe.

Lakini mgeni ni nani? Hapo mafundi walichagua jibu lililo karibu. Mwenyeji ni yule aliyeunganishwa kwa waya wetu. Mwingine yeyote ni mgeni. Walimtambua mtu kwa njia aliyojia, kama London ilivyotaka kumtambua Livingstone. Jibu hilo lilifaa kwa mtu wa Ulaya au Marekani aliyekaa nyumbani na kompyuta moja na kampuni moja. Kwa mtu wa Morogoro halikufaa hata kidogo. Yeye hakuwa na kompyuta nyumbani. Aliingia katika duka la intaneti mjini lililounganishwa na kampuni moja, ilhali anwani yake ni ya nyingine. Aliweza kuzisoma barua zake, maana neno la siri alilijua. Alipobonyeza kujibu, seva yake mwenyewe ilimwambia kuwa kupitisha hakuruhusiwi. Mwombaji wa nafasi ya masomo aliyeisoma barua ya kumwita aliweza kuiona tarehe ya mwisho na asiweze kuijibu. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ajili ya wezi, na mwenye nyumba alikuwa nje.

Hila zilitafutwa. Moja ni kuitumia seva ya kampuni ya mahali ulipo, na kuandika juu ya barua anwani yako ya zamani; ndiyo barua ya Livingstone katika mfuko wa Stanley, na kwa miaka kadhaa ilipokewa. Nyingine ilimruhusu mtu kupeleka barua kwa dakika chache baada ya kulifungua sanduku lake kwa neno la siri, kwa hoja ya kuwa mwenye ufunguo wa ndani hawezi kuwa mwizi wa nje. Dawa yenyewe iliandikwa Desemba 1998 na Randall Gellens na John Klensin, na kutimizwa Machi 1999 na John Myers. Mlango wa zamani, namba 25, uliachiwa seva kuzungumza na seva. Watu walitengewa mlango wao, namba 587, na desturi ikawa kwamba aingiaye hapo kwanza aseme jina lake na neno lake la siri. Akikubaliwa, haulizwi ametoka wapi. Dhamana ilitolewa katika njia ikawekwa kwa mtu.

Yasikitisha kusema kuwa dawa ilikuwapo katika maandishi muda mrefu kabla ya kufika kwa wagonjwa. Kampuni nyingi duniani zilichelewa kuufungua mlango huo mpya, na wakati huo huo ziliufunga ule wa zamani hata kwa wateja wake waliotaka kuzifikia seva za nje. Watu hawakungoja. Hotmail ilikuwa imeanza Julai 1996, Gmail ikaja Aprili 2004, na hizo hazikujali umeketi katika duka la nani, kwa sababu barua iliandikwa ndani ya seva zao wenyewe kwa njia ya kivinjari. Wafanyakazi, wanafunzi, hata maofisa wa serikali walihamisha majina yao huko. Ni kosa kudhani kuwa walivutiwa na fahari ya kigeni tu. Walifanya kama mfanyakazi wa mkonge aliyechoka kupoteza barua kila abadilishapo shamba: walitafuta sanduku lisilofungamana na njia. Kwa bahati mbaya sanduku hilo lilikuwa ng'ambo. Shirika la kusimamia majina ya .tz, tzNIC, lilianzishwa mwaka 2006, wakati watu wengi walikwisha kuwa na anwani ambazo ndugu na waajiri wao wamezizoea.

Hata ile hila ya kwanza ilikwisha. Mwaka 2006 ilichapishwa kanuni inayomwezesha mwenye jina kutangaza orodha ya seva zenye ruhusa ya kuchukua barua za jina hilo. Iliyokuja kwa seva isiyotajwa hutiliwa shaka. Kwa kanuni hiyo Stanley angalikataliwa mlangoni, naye Lord Lyons asingaliletewa kitu. Mwaka uliofuata, 2007, ikaja kanuni ya pili, nayo ni ya muhuri. Seva ya mwenye jina hutia katika barua alama ya hesabu isiyoweza kughushiwa kwa wepesi, na mpokeaji huilinganisha na ufunguo uliotangazwa hadharani. Barua ikipita mikononi mwa mmoja au kumi, maadamu haikubadilishwa neno, muhuri husimama. Wasimamizi wa seva wamekuwa wakibishana ni ipi kati ya kanuni hizo mbili iliyo bora. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwadai wanaopeleka barua kwa wingi wawe nazo zote mbili.

Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa Juni, treni za umeme zilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro kwa reli mpya, na Ngerengere ikapata stesheni ya pili. Abiria anayeandika barua humo simu yake hukabidhiwa na mnara mmoja kwa mwingine mara nyingi kabla hajaiona milima ya Uluguru. Akishuka na kutumia intaneti ya hoteli, njia imekwisha kuwa ya kampuni nyingine. Barua aliyoianza Pugu huimaliza Ngerengere, huikabidhi katika mlango 587 au katika 465 wenye kufungwa kwa siri tangu mwanzo, neno lake la siri husemwa na simu bila yeye kujua, na seva ya mbali humtilia muhuri. Mwenye kuipokea huona jina na saa. Njia iliyopitwa imeandikwa yote katika mistari ya juu iliyofichwa, seva kwa seva na dakika kwa dakika, kwa atakayetaka kuisoma.